Kibanio cha Babu Eladio

Kila siku, ilipotimu saa tano na nusu mchana, Yarelis alifunga vizuri kamba za viatu vyake, akapanda hadi ghorofa ya tisa ya meli, akasimama mbele ya mlango wa bibi yake. Alikuwa na kazi moja tu, nayo ni kuangalia vibanio vya nguo.

Mlango wa Bibi Providencia ulikuwa umewekwa tepe mbili, moja juu na moja chini, zikashikizwa kwa sumaku. Kulikuwa na vibanio vya mbao thelathini na nane, kila kimoja kimeandikwa jina kwa wino mweusi. Asubuhi vyote vilikaa kwenye utepe wa chini. Kabla ya saa sita kila mtu wa ukoo alitakiwa apite mlangoni, akitoe kibanio chake na kukibana kwenye utepe wa juu. Maana yake ilikuwa: nipo, mzima.

Ukoo wenyewe ulikuwa umetawanyika siku nyingi. Wengine walibaki nyumbani kule milimani Utuado, wengine walihamia Orlando, wengine New Jersey kwenye theluji. Bibi Providencia alipokaribia kutimiza miaka themanini alisema hataki keki wala bendi, anataka kuwaona wote mahali pamoja. Ndipo Shangazi Nereida, ambaye hachoki kupanga mambo, akawapandisha wote meli ya kitalii pale San Juan, siku saba baharini.

Simu hazikusaidia. Meli ilipoiacha bandari mtandao ulikatika, na ule wa meli yenyewe ulishika ghorofa hii ukakataa ile. Isitoshe, nusu ya wazee walishazifungia simu zao masandukuni. Vibanio vilikuwa wazo la Bibi mwenyewe, na sheria yake ilikuwa fupi.

"Kila mtu asogeze chake kwa mkono wake," aliwaambia siku ya kwanza. "Mke asimsogezee mume. Mama asimsogezee mtoto anayeweza kutembea. Ikipita saa sita kibanio bado kiko chini, mwenyewe atafutwe."

Yarelis alikuwa na miaka kumi na miwili na miguu myepesi, kwa hiyo kazi ya kutafuta ikamwangukia yeye. Siku ya kwanza aliwatafuta watu kumi na mmoja. Siku ya pili watano. Siku ya tatu alibaki mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa wa kila siku: Babu Eladio, mdogo wake Bibi.

Babu Eladio alilala peke yake ghorofa ya pili, kwa sababu hakuna aliyeweza kuvumilia kukoroma kwake. Kutoka mlango wa Bibi hadi kwake ni ghorofa saba kushuka na ujia mrefu usiokwisha, na lifti saa hizo hujaa watu waliovaa taulo. Yarelis alimkuta mara akisinzia, mara akinyoa ndevu.

"Nipo, bibie," alimwambia siku ya tatu, povu limemjaa kidevuni. "Sijarukia baharini bado. Nikitaka kuruka nitakuaga."

"Lakini Babu, si upande tu kabla ya saa sita? Kila siku nakufuata wewe."

"Na mimi kila siku nafurahi kuona umekuja. Ungeacha kunifuata, nani mwingine angeshuka huku?"

Alicheka, akajifuta povu, wakapanda pamoja polepole, naye akasogeza kibanio chake kwa madaha kama mtu anayekata utepe wa duka jipya.

Siku ya nne meli haikutia nanga popote. Saa sita na nusu kulikuwa na mashindano ya kucheza salsa kwa watoto, pembeni ya bwawa la kuogelea, ghorofa ya kumi na moja. Yarelis na binamu yake Wilmarie wa New Jersey walikuwa wamefanya mazoezi siku tatu. Kujiandikisha mwisho saa sita na robo.

Saa sita kamili kibanio kimoja kilikuwa chini. ELADIO.

"Huyo tena," Wilmarie alisema. Alikuwa ameshavaa sketi ya kuchezea na anarukaruka pale ujiani. "Ukishuka huko hurudi kabla ya nusu saa. Tumekwisha."

"Lazima nishuke."

"Kwani huwa anakuwa wapi? Si anakoroma tu? Kila siku unashuka, kila siku ni mzima. Sogeza twende."

Yarelis aliutazama ujia. Hapakuwa na mtu. Mle ndani Bibi alikuwa amejilaza, pazia limefungwa. Mkono wake ukaenda wenyewe, akakitoa kibanio, akakibana juu katikati ya wenzake. Kilionekana sawa na vingine vyote.

Kisha akainua simu ya ukutani na kumpigia Shangazi Nereida, kama alivyofanya kila siku.

"Wote juu, shangazi. Thelathini na wanane."

"Hata mjomba Eladio? Leo kawahi?"

"Hata yeye."

"Ahsante, mwanangu. Sasa naweza kunywa kahawa yangu."

Bwawani walipewa namba saba. Muziki ulikuwa umeshaanza. Kivulini, mezani, wazee wa ukoo walikuwa wakicheza dhumna, wakigonga mawe yake yenye vitone, nao wachezaji wa dhumna husikika mbali. Kiti kimoja kilikuwa tupu.

"Eladio katukimbia leo," alisema mzee mmoja, Santiago, akiyaacha mawe aliyokuwa akichanganya. "Hata kifungua kinywa sikumwona. Asije akawa mgonjwa."

"Mgonjwa wapi," alijibu Ami Radamés, mtoto wa Bibi. "Nimetoka mlangoni kwa mama sasa hivi, kibanio chake kiko juu. Jana nilimtandika mara nne mfululizo, leo anaona aibu. Gawa mawe."

Wakacheka, mawe yakagawanywa. Hakuna aliyemtaja Eladio tena.

Yarelis aliyasikia yote kutoka kwenye foleni. Mzee Santiago alikuwa karibu kuinuka, alimwona kabisa ameshika mikono ya kiti. Kilichomkalisha ni kile kibanio. Hata kifungua kinywa hakuonekana. Babu Eladio ana kisukari, hujidunga sindano ya insulini kila asubuhi kabla ya kula, na hilo kila mtu analijua.

"Jozi ya nne," alitangaza mwenye kipaza sauti.

Yarelis akatoka kwenye foleni.

"Wewe, unakwenda wapi?" Wilmarie alimshika mkono. "Sisi wa saba."

"Sikumwona, Wilma. Nimesema nimemwona na sikumwona."

Hakungoja lifti. Alishuka ngazi mbilimbili hadi ghorofa ya pili, akakimbia ule ujia mpaka mlango wa Babu Eladio. Kwenye kitasa kulikuwa na kadi ya kuomba asisumbuliwe. Akagonga. Akaita. Akaweka sikio mlangoni. Siku zote mtu husikia kukoroma kwake kuanzia kwenye ngazi. Leo kulikuwa kimya.

Alipanda mbio hadi ghorofa ya tano kwa Shangazi Nereida, akamkuta kikombe mkononi, daftari lake mapajani.

"Shangazi, Babu Eladio hafungui mlango."

"Atakuwa ametoka kutembea." Shangazi hakuinua macho. "Si alikuja kusogeza kibanio saa sita? Yuko kwenye dhumna huyo."

"Kwenye dhumna hayupo."

"Basi yuko msalani, au anakula. Meli kubwa hii. Mtu aliyekuwa mzima saa sita atakuwa amepatwa na nini sasa hivi?"

Yarelis alijua kwamba mlango ule hautafunguka mpaka aseme. Alitamani kuwe na maneno mengine yenye kufanya kazi hiyo hiyo. Hayakuwepo.

"Hakuja," alisema. "Ni mimi niliyekisogeza. Nilitaka niwahi mashindano. Leo hakuna mtu aliyemwona."

Shangazi hakumgombeza. Aliinuka, kahawa ikamwagika kwenye daftari lote, akaanza kukimbia. Yarelis hakuwahi kumwona shangazi yake akikimbia.

Mhudumu wa vyumba, Mfilipino mmoja aliyeitwa Rodel, alifungua kwa kadi yake. Babu Eladio alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na ukuta. Shati limelowa jasho, midomo imepauka, macho yamefunguka nusu lakini hayamtambui mtu. Mezani kulikuwa na bomba la sindano lililokwisha kutumika, na kando yake ndizi isiyomenywa.

Wahudumu wa zahanati ya meli walifika na machela. Yarelis aliegemea ukuta wa ujia akaona mkono wa Babu unapita, umening'inia, mkono uleule uliokuwa umefuta povu jana.

Walingoja nje ya zahanati zaidi ya saa moja. Mmoja mmoja ukoo ulishuka mpaka ujia ukajaa. Wilmarie alikuja na sketi yake ya kuchezea, akakaa chini karibu na Yarelis. Wazee wa dhumna walisimama kofia mkononi. Mwishowe daktari alitoka.

"Amezinduka," alisema. "Alijidunga asubuhi, halafu bahari ikamchafua tumbo akashindwa kula. Sukari ikashuka vibaya sana. Mngechelewa zaidi ningekuwa nawaambia habari nyingine."

Jioni Bibi Providencia alimwita Yarelis chumbani kwake. Shangazi alikuwa ameshamweleza yote. Bibi aliketi karibu na dirisha, bahari ikimpita nyuma.

"Unakikumbuka kile kimbunga kilichotupiga Utuado?" aliuliza.

"Nilikuwa mdogo, Bibi. Nakumbuka giza tu."

"Giza miezi saba. Umeme hakuna, simu hakuna, daraja limechukuliwa na mto. Tukakubaliana pale mtaani: kila asubuhi kila nyumba itundike kitambaa cheupe getini. Ukikiona, unajua wenyewe wazima, unapita. Usipokiona, unaingia." Aliivua miwani yake. "Jirani yetu mmoja mzee, Don Gumersindo, aliishi peke yake. Alikuwa mvivu wa kutundika. Kila siku mimi naingia namwamsha, kila siku ananicheka. Asubuhi moja nilikuwa na ndoo mbili za maji, nimechoka. Kitambaa chake kilikuwa kimeachwa juu ya ukuta. Nikakichukua nikakitundika mimi, nikapita zangu. Nilidhani namfanyia hisani."

Yarelis alimtazama bibi yake.

"Watu wakapita siku nzima, wakaona kitambaa, wakaridhika. Mwanangu Radamés alipita mara tatu. Usiku mvua ilinyesha, sikukitoa, na kesho yake bado kilikuwa pale. Tulimkuta siku ya pili, amekwisha kufa kwenye ngazi za nyuma, mguu umevunjika. Alikuwa ametambaa kutoka jikoni. Alikuwa anakuja getini." Bibi alifuta miwani yake kwa pindo la gauni. "Sikumwambia mtu ni nani aliyetundika. Wewe ndiye wa kwanza."

"Bibi, kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe ulisema mapema. Mimi nilikaa kimya, na kimya changu hakikumsaidia yeyote."

Yarelis akaanza kulia. Bibi hakumnyamazisha. Alimwacha alie, kisha akamshika kidevu.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kusema uongo si kumdanganya mtu tu. Ukisema 'yupo' na wewe hujamwona, unawarudisha nyuma wote ambao wangekwenda kumtafuta. Santiago mwenyewe ameniambia alikuwa anainuka. Wewe ndiye uliyemkalisha, na hukuwa hata mezani. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Kesho saa tano na nusu uwe mlangoni."

"Bado unaniachia mimi kazi hii?"

"Namwachia anayejua uzito wake."

Kesho yake saa sita kibanio kimoja kilikuwa chini. Yarelis alikitazama kwa muda. Daktari alikuwa amemkataza Babu Eladio kutoka kitandani pale zahanati, na watu zaidi ya kumi walikuwa wameshakwenda kumwona asubuhi. Kila mmoja alijua kwamba yu hai. Hata Bibi alikuwa amemnywesha uji kwa mkono wake.

Lakini Yarelis alikitoa kile kibanio, akatoa na utepe wote wa juu pamoja na sumaku zake, vibanio thelathini na saba vikining'inia, akaushika kwa mikono miwili asiangushe hata kimoja. Akashuka nao polepole, ghorofa baada ya ghorofa, watu wenye taulo wakimpisha.

Babu Eladio alikuwa ameinuliwa mito miwili, mrija wa dawa umeshikizwa mkononi. Aliuona utepe akatabasamu kwa upande mmoja.

"Umenifuata tena, bibie."

"Nimekufuata, Babu. Nisamehe kwa jana."

"Leo umekuja," alisema. "Haya, lete huo utepe karibu. Mkono hauna nguvu."

Mara mbili kibanio kilimponyoka kikaangukia shuka, na mara zote mbili Yarelis aliiweka mikono yake nyuma asije akakiokota kwa niaba yake. Mara ya tatu kikabana.

Alipanda nao juu, akaurudisha utepe mlangoni, akainua simu ya ukutani.

"Thelathini na wanane, shangazi," alisema. "Wote nimewaona kwa macho yangu."