Nyota Ndani ya Kibuyu

Kila alfajiri, kabla ya kushika njia kutoka Bonga kwenda shule, Naitoti alimsaidia mama yake kusafisha vibuyu vya maziwa. Walisugua ndani kwa kijinga cha moto mpaka kibuyu kikanukia moshi. Siku moja kibuyu kilipasuka, mama akampa. Naitoti akakigeuza nyota.

Alitoboa matundu mawili ubavuni, akaweka balbu na betri ndani, akakining'iniza kwa kamba aliyoisokota. Alipokiachia kilizunguka, mwanga ukapita ukutani: waa, giza, waa, giza. Pumba alizoweka shingoni mwa kibuyu zikaruka pande zote.

"Nyota kubwa mno ikifa hulipuka," alimweleza Sabrina, rafiki yake wa dawati moja. "Kiini kinachobaki huzunguka kasi, kikirusha miale miwili na upepo wa chembe zenye umeme. Pumba ndizo upepo wenyewe."

"We kiboko! Acha nikutunzie, kwetu ni karibu na shule."

Naitoti akampa kwa moyo mweupe.

Siku ya kumchagua mwanafunzi mmoja wa kwenda kwenye maonyesho ya sayansi ya mkoa mpya wa Manyara, Sabrina alisimama na kibuyu.

"Nimekitengeneza mwenyewe."

"Mwalimu, ni changu!" Naitoti aliinuka ghafla.

"Acha wivu wewe!" Sabrina alisema bila kumtazama. Darasa likacheka. Kicheko kile kilimchoma Naitoti kuliko kijinga.

Mwalimu Anselmi alikizungusha kibuyu. "Mbona nyota hii inawaka na kuzima?"

"Inachoka, mwalimu. Halafu... inapumzika."

"Na ndani mbona peusi?"

"Nilipaka rangi."

Mwalimu alikinusa. "Rangi inayonuka moshi? Naitoti, hebu sema."

"Haizimi, mwalimu. Mwale umegeukia kwingine tu. Na weusi huo ni wa kijinga, mama husafishia vibuyu vya maziwa."

Sabrina aliangua kilio. "Nisamehe. Nilitaka na mimi nipigiwe makofi."

"Ungeniambia, tungesimama wote wawili," Naitoti alijibu, machozi yakimlenga.

"Naitoti ndiye atakayekwenda," mwalimu alisema. "Sikilizeni, wanangu. Kazi ya mwenzako unaweza kuibeba mikononi, lakini jasho lake na akili yake huvibebi. Na imani ya rafiki ukiivunja, kuiunga ni kazi ya siku nyingi."

Jioni Sabrina alimfuata Naitoti njia ya Bonga, akaomba amsaidie mzigo. Naitoti akampa betri. Kibuyu alikibeba mwenyewe.