Kichwa Kilichosukwa Nusu

Wewe. Ndiyo, wewe unayesoma. Usigeuze uso. Umeshamwona mwanamke ameegemea ukuta, mkono tumboni, jasho jembamba limemtoka juu ya mdomo. Ulimuuliza, "Vipi?" Akajibu, "Ni tumbo tu." Ukapita zako. Neno choo likikaribia kutajwa, wewe unakohoa na kutazama dirishani. Basi leo litatajwa mpaka ulizoee.

Mwanamke huyo alikuwa msusi. Mtaa mzima ulimwita Vidole, kwa sababu vidole vyake vilikwenda mbio kama vinafukuzwa. Saluni yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi. Kulikuwa na kioo kirefu chenye ufa pembeni, viti vya plastiki, beseni la kuoshea nywele, na birika lililochemka kutwa. Wifi yake, yaani dada wa mumewe, aliosha nywele za wateja. Kazi yake nyingine ilikuwa kuongea, na hiyo hakuwahi kuikosa hata siku moja.

Vidole alikuwa na sheria moja. Kichwa kikianzwa, hakiachwi. Akishika kitana, haondoki mpaka ncha za msuko wa mwisho zichovywe kwenye maji ya moto. Haja ikimjia katikati ya kazi, anaibana.

"Itangoja," alisema. "Mteja hangoji."

Tena choo kilikuwa chini, uani, na ufunguo alikaa nao mwenye jengo, yule muuza rangi. Ukiutaka, anakuuliza kwa sauti mbele ya wateja wake, "Ndogo au kubwa?" Wateja wanacheka. Miaka nenda miaka rudi wanawake wa ghorofani waliulizwa hivyo. Hakuna aliyemwambia kwamba aibu ni yake yeye. Liweke hilo kichwani, usilisahau.

Basi Vidole alibana. Akapunguza hata maji ya kunywa. Tumbo lake lilijaa likawa kama ngoma. Lilimuuma, likatulia kidogo akipata choo, kisha likaanza tena. Na hicho choo chenyewe kilikuwa kigumu na cha nadra. Zamani alikwenda zahanati. Aliyemhudumia hakumgusa hata tumbo. "Ni mawazo, mama," alimwambia. "Kapumzike." Vidole akarudi nyumbani, akanunua majani makali ya kuharisha barabarani. Yalimkamua siku moja, kisha hali ikarudi vilevile.

Binti yake alikuwa anakaribia kuolewa. Jioni moja alikuja saluni, akamkumbatia mama yake kwa nyuma.

"Mama, nywele zangu za harusi utasuka wewe. Ule msuko mwembamba, wa kutwa nzima."

Vidole alihisi tumbo linakaza. Kutwa nzima! Akaogopa maumivu yatamwangusha katikati ya kazi.

"Kwa nini usiende saluni ya njia panda?" akasema. "Wana vijana wepesi."

Binti alimwachia. Macho yake yalijaa machozi. "Umemsuka kila mtu mtaa huu, mama. Mimi unanipeleka njia panda?"

Vidole alishika ufagio, akafagia mahali palipokuwa safi.

Kesho yake alikaa kitini mteja wa siku nyingi, muuguzi wa hospitali. Msuko ulifika nusu ya kichwa. Ghafla vidole vikasimama. Muuguzi akamtazama kwenye kioo.

"Dada, mbona umesimama?"

"Natafuta uzi."

"Uzi uko begani kwako."

Wifi akaangua kicheko kule kwenye beseni. "Mwache! Wifi yangu ana mimba ya mawe!"

"Mawe yako kichwani mwako," Vidole akamjibu, lakini sauti ilikuwa imekwisha.

Muuguzi akageuka. "Lini umepata choo mara ya mwisho?"

Mteja mmoja akaanza kuhesabu nyufa za dari.

"Mbona kimya?" muuguzi akasema. "Nimeuliza habari ya choo. Sijatangaza msiba."

Wakacheka wote, na Vidole akacheka. Kicheko kilimfungua mdomo, akaeleza kila kitu. Muuguzi alisikiliza, kisha akauliza moja baada ya jingine. Umeona damu kwenye choo? Umekonda bila sababu? Unapata homa, au unatapika? Kuna mtu wa ukoo wenu aliyewahi kuugua saratani ya utumbo?

"Hapana, hapana, na hapana tena."

"Vizuri. Ungesema ndiyo hata kwa moja, ningekuvuta mkono leo hii. Hata hivyo kamwone daktari wiki hii. Nitakuonyesha anayesikiliza. Na sasa hivi, nenda chooni."

"Na nywele zako?"

"Kichwa nusu kinaweza kungoja. Hakina miguu."

Muuguzi mwenyewe akateremka ngazi kufuata ufunguo. Upande mmoja nywele zimesukwa, upande mwingine zimesimama kama zimeona simba.

"Ndogo au kubwa?" muuza rangi akauliza.

"Kubwa," muuguzi akasema, akamtazama usoni. "Na ufunguo huu haurudi hapa. Utakaa juu, kwa wanaolipia choo hicho pamoja na pango."

Wateja walicheka tena, lakini safari hii walimcheka mwenye jengo. Ufunguo ukatundikwa kwenye msumari kando ya kioo. Uko hapo hadi leo.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye mikono ya joto. Alimkanda tumbo polepole, akampima damu, akamuuliza habari zake zote.

"Hii si mawazo," akasema. "Unaumwa kweli. Sioni dalili ya kidonda kwenye utumbo wako. Ila utumbo huo unashtuka upesi, na unasukuma chakula polepole. Ndiyo maana unaumwa na unafunga choo. Wapo watu wazima wengi wenye hali hii, wengi wao wamenyamaza."

"Ni kwa sababu ya kubana?"

"Kubana peke yake hakuleti ugonjwa huu. Lakini kunauzidishia nguvu. Haja ikija, iitikie."

Walianza na mambo mepesi. Maji ya kutosha. Matunda, mboga na nafaka zisizokobolewa, aongeze kidogo kidogo ili gesi isimsumbue. Kutembea. Akapewa na unga wa kulainisha choo, wa kukoroga kwenye maji. Choo kilipata nafuu. Maumivu yakabaki. Vidole aliporudi, daktari akamwandikia dawa ya cheti.

"Dawa hii inavuta maji ndani ya utumbo," akaeleza. "Choo kinalainika na kusogea, na maumivu yanapungua taratibu. Meza kidonge kimoja asubuhi, tumbo tupu, nusu saa kabla ya kula. Zipo dawa nyingine za ugonjwa huu, na baadhi humezwa pamoja na chakula. Kwa hiyo fuata maelezo ya dawa yako, si ya jirani. Usimpe mtoto kabisa. Ukiharisha sana au ukipata maumivu makali, acha, kisha unione. Na kama una mimba, niambie sasa."

"Mimba niliyo nayo ni ya mawe," Vidole akasema. Daktari akacheka mpaka akavua miwani.

Asubuhi yake Vidole alikuja saluni na kidonge mkononi.

"Tumbo tupu?" wifi akashangaa. "Dawa itakutoboa! Hapa hakuna anayemeza dawa bila kula."

Ni kweli, saluni nzima iliamini hivyo. Wakamletea mkate na mayai yaliyoogelea mafuta, na chai ya maziwa. Akashiba, ndipo akameza. Kabla ya mchana alikuwa anashuka ngazi, anapanda, anashuka.

"Leo huitwi Vidole!" wifi akapiga kelele. "Leo wewe ni Miguu!"

Vidole alikasirika, akataka kutupa dawa yote. Akampigia muuguzi simu.

"Ulimeza kabla ya kula au baada?"

"Baada ya mayai."

"Ndiyo hayo. Ukiimeza dawa hiyo baada ya chakula, hasa chenye mafuta mengi, choo kinalegea zaidi. Unasikia kizunguzungu?"

"Hapana. Nasikia hasira tu."

"Hasira haina kidonge. Kunywa maji. Mpigie daktari umweleze, akuambie uendeleeje. Lakini usiitupe dawa kwa kosa la mayai."

Wifi akanyakua simu. "Muuguzi, basi nami nipewe kimoja. Gauni nitakalovaa harusini halifungiki."

"Thubutu! Hiyo ni dawa ya mgonjwa aliyepimwa. Wewe mwite fundi alegeze gauni."

Daktari alimwambia Vidole asubiri tumbo litulie, kisha aanze upya kwa utaratibu. Sasa kidonge alikimeza nyumbani, akifungua macho tu, na maji. Kisha alioga, akapanga vitana, ndipo akala. Choo kilikuja bila vita. Maumivu hayakukimbia siku moja. Yalikuwa yanarudi nyuma hatua kwa hatua, kama mgeni asiyetaka kuaga. Kisha siku moja wateja walimsikia anaimba. Wakatazamana. Walikuwa wamesahau kwamba zamani aliimba.

Akamwita binti yake. "Njia panda hawajui kusuka," akasema. "Kaa hapa."

Siku ya kusuka ilifika. Saluni ilijaa mashangazi, mawifi, na marafiki. Msuko ulifika nusu ya kichwa. Hapo haja ikamjia Vidole. Akatazama kitana. Akatazama mlango. Mkono ulikumbuka mazoea yake, ukashika nywele kwa nguvu zaidi.

Binti alimwona kwenye kioo.

"Mama," akasema, "mimi bibi harusi naamuru. Nenda!"

Vidole akaweka kitana chini. Akachukua ufunguo msumarini, akashuka ngazi kichwa juu. Nyuma yake wifi alipiga vigelegele, na saluni nzima ikaitikia. Muuza rangi akachungulia mlangoni.

"Kuna nini huko juu?"

"Kubwa!" wifi akamjibu kutoka dirishani.

Vidole alirudi, akanawa mikono, akamaliza msuko. Ncha zikachovywa kwenye maji ya moto, zikanyooka kama mvua. Na siku ya harusi alicheza mpaka viatu vikamkimbia. Mikono yote miwili ilikuwa hewani. Hakuna uliokwenda tumboni.

Sasa wewe. Unamjua Vidole wako. Ni mama yako, fundi mwenzako, au ni wewe mwenyewe uliyekaa umebana hapo. Muulize leo, na ulitaje neno lenyewe: choo. Mpeleke kwa daktari. Akiambiwa ni mawazo, mpeleke kwa mwingine. Dawa akipewa, msomee maelezo kabla hajakaanga mayai. Na kama ufunguo wa choo uko mfukoni mwako, toa. Utundike mahali ambapo kila mtu anaufikia.

Usiseme kesho. Simama.