Miguu ya Muda

Siku Mkaguzi alipoondoka ilianza vizuri, ndugu zangu, na ndiyo maana hadi leo watu wa nyumba ile hawaiamini asubuhi iliyotulia. Ilikuwa Jumapili. Mama yake alikuwa uani akianika mashuka. Baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa sebuleni na kikombe cha chai, mbele ya televisheni iliyomeza nusu ya ukuta. Na Mkaguzi mwenyewe, binti wa miaka mitatu na miezi minne, alikuwa katika kazi yake ya kila siku: kufunua, kuchungulia, kuvuta. Alipewa jina hilo la utani kwa sababu hakuna sufuria aliyoiacha na kifuniko chake wala mkoba wa mgeni ambao hakuupekua.

"Baba, nguo zangu ziko wapi?"

"Si umezivaa?"

"Zingine!"

"Ziko kwenye droo, Mkaguzi. Kaa uangalie katuni."

Mlango wa nje ukagongwa. Alikuwa mteja, amekuja kuulizia geti lake. Fundi akaweka kikombe chini, akamwambia binti yake, "Nakuja sasa hivi," akatoka. Walisimama kizingitini. Alikuwa katikati ya kueleza kwa nini rangi haijakauka aliposikia kishindo ndani, na kwa muda wa pumzi moja alidhani ni chuma kimeanguka karakanani.

Kabla hatujaingia naye ndani, turudi nyuma miezi miwili.

Nyumba ile ilikuwa na televisheni ndogo ya zamani yenye picha ya chengachenga. Mdogo wake mke wa fundi, kijana mwenye mdomo, alizoea kuja kutazama mpira. Siku moja aliuliza mbele ya wageni, "Shemeji, hapa tunaangalia mpira au tunausikiliza? Mimi naona chawa tu wanakimbizana." Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Fundi naye alicheka, lakini neno lile halikushuka tumboni. Lilimkwama kooni kama mwiba.

Mume na mke walikuwa wamejibana miezi minane yote, tangu kabla ya utani ule. Mke, ambaye ni mshonaji, alitoa akiba ya sare za shule alizoshona. Wakaenda dukani. Muuzaji, mama wa makamo, aliwauliza swali ambalo wengi wetu hatujiulizi.

"Kutoka kochi hadi ukutani ni hatua ngapi?"

"Nne," alijibu mke.

"Basi hii ya inchi thelathini na mbili inawatosha. Ni mpya, picha yake safi, nyepesi. Na pesa itakayobaki mnapata chuma cha kuifungia ukutani."

Fundi akacheka. "Mama, unamuuzia mchomeleaji chuma? Ni sawa na kumuuzia mkulima majembe ya plastiki."

Jicho lake lilikuwa limeshafika kwenye kona, kulikoegemezwa televisheni ya mtumba ya inchi hamsini na tano. Bei yake ilikuwa ileile.

"Hiyo ni ya toleo la zamani," alisema muuzaji. "Inakaribia nusu mfuko wa saruji kwa uzito. Miguu yake imepotea. Ukiichukua usiiweke juu ya kitu, ifunge ukutani siku hiyohiyo. Mna watoto?"

"Mmoja."

"Basi mmenisikia."

Mke akamvuta mumewe mkono. "Baba Mkaguzi, hii ndogo inatutosha. Macho yetu ni mawilimawili tu, hayataongezeka."

"Mama Mkaguzi, tujinyime miezi yote hii halafu turudi na kioo cha kunyolea ndevu?"

Wakarudi na ile kubwa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Fundi yule si mzembe. Geti likiinama upana wa kidole, hulikata na kulianza upya, na hasara huibeba mwenyewe. Lakini jioni ile alikuwa na haraka ya kuiona picha. Akaokota mabaki ya bomba za dirisha la mtu, akachomelea miguu miwili ambayo isingemchukua hata nusu saa kuimaliza, na kweli haikumchukua. Aliifanya myembamba ili ienee juu ya kabati la droo, kwa sababu sebule haikuwa na kitu kingine cha kuibebea. Alipoiweka televisheni juu yake na kuigusa, ilitikisika.

"Mbona inacheza?" aliuliza mke.

"Ni miguu ya muda. Jumamosi naitengenezea chuma cha ukutani."

Shemeji alipokuja, alipiga mluzi mrefu. "Sasa hii ndiyo nyumba! Hapa hata refa akikonyeza tunamwona." Fundi alilala usingizi mtamu.

Jumamosi ya kwanza kukawa na madirisha ya mteja. Ya pili, ngazi. Ya tatu, mteja wa madirisha akataka mengine mawili. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, na fundi alilirudia neno hilo kama mzaha kila mke alipomkumbusha. Vile vyuma vya ukutani alikuwa ameshavikata na kuvipaka rangi. Vilikuwa karakanani vimeegemezwa, vinasubiri kutobolewa matundu manne tu. Mke aliuliza mara tano. Ya sita aliona aibu yeye, kama kwamba kosa ni kuuliza.

Jumapili ile Mkaguzi alikwenda kutafuta nguo zake nyingine. Alivuta droo ya chini, akavuta ya kati, akapanda ya chini ili aifikie ya juu. Kabati liliinama. Miguu ile ikateleza.

Fundi aliinyanyua televisheni peke yake, mzigo ambao siku ya kuuleta ulibebwa na watu wawili. Mke aliingia na shuka bichi mkononi, na ndilo walilomfungia mtoto. Hospitali haikuwa mbali. Daktari alitoka kuzungumza nao mapema mno, na wote wawili walielewa kabla hajafungua kinywa.

Baada ya maziko, majirani walisema yale tunayoyasema sote: ni mapenzi ya Mungu, hakuna wa kulaumiwa. Fundi aliitikia kwa kichwa. Siku ya nne alikuja shemeji, akashindwa hata kuketi.

"Shemeji, ule utani wangu..."

"Utani wako haukuchomelea kitu," alisema fundi. "Keti."

Mke hakupiga kelele hata mara moja, na hilo ndilo lililomtisha mumewe zaidi. Alipika, alifagia, alipokea wageni. Wageni walipokwisha, alasiri moja alikuja hadi mlangoni mwa karakana, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kufika.

"Nina swali moja. Angekuja mteja hapa, ukamtengenezea miguu kama ile, ungemruhusu aondoke nayo?"

Fundi alizima mashine.

"Nijibu, baba Mkaguzi."

"Nisingemruhusu."

"Basi," alisema mke. Akageuka, akaingia ndani kukunja nguo zake.

Funzo

Wazazi wenzangu, si dhambi kutamani picha nzuri sebuleni. Lakini unapopanga bajeti ya kitu cha nyumbani, pima kwanza chumba chako na watu wanaoishi ndani yake, usipime midomo ya wageni. Kidogo kilichofungwa imara ni bora kuliko kikubwa kinachotikisika. Na wewe mwenye ufundi wowote, uwe wa chuma, wa umeme au wa dawa, usiwape wako kazi ambayo ungeona haya kumpa mteja. Neno "muda" halijui kalenda, nasi huliacha likakaa majumbani mwetu kama mpangaji asiye na mkataba. Nenda sasa, utikise kilicho mbele ya mtoto wako. Kikicheza, kishushe sakafuni leo, hata kama hakitapendeza.

Mke wa fundi yuko kwa dada yake tangu wiki ile. Mumewe humpelekea matumizi kila Ijumaa, na yeye huyapokea akiwa mlangoni.