Herufi Tatu Kutoka Lyulilo

Hezroni alikwenda soko la Lyulilo kutafuta chungu, akajikuta anasoma karatasi ya gazeti iliyowekwa ndani yake.

Ilikuwa Jumamosi ya mwaka 1913 na soko lilijaa. Mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani, dagaa wamemwagwa mikekani, na wanawake wa Kikisi wamepanga vyungu kwa ukubwa. Neli, binti mfinyanzi aliyejifunga kaniki mpya, alimkagua mteja wake: shati jeupe limefungwa vifungo vyote, miguu ina tope la njia ya Ipyana.

“Mwalimu, unanunua chungu au gazeti?”

“Umejuaje kuwa mimi ni mwalimu?”

“Mkulima angekigonga kwanza, asikie kama kina ufa.”

Hezroni akakigonga. “Gazeti hili ni la Kiingereza.”

“Najua. Nimesoma miaka mitano kwa wamisionari Waskoti, ng’ambo ya ziwa.”

“Na mimi nilikuwa karani wa duka Karonga. Haya, nipe neno refu la Kiingereza lenye k, f na d.”

Neli hakuligusa gazeti. “Handkerchief. Herufi kumi na mbili. Sasa wewe: b, w na l.”

Hezroni alisimama mpaka jua likamchoma shingo. “Wheelbarrow,” alisema mwishowe. “Kumi na moja.”

“Nimekushinda. Beba chungu chako uende.”

“Nitarudi Jumamosi.”

“Njoo na neno, usije na maneno.”

Alirudi, Jumamosi hiyo na nyingine nyingi. Mmoja alitoa herufi tatu, mwenzake akatafuta neno refu kabisa lenye herufi hizo, na idadi ya herufi za neno ndiyo ikawa alama zake. Wasipoonana, karatasi ilisafiri ndani ya chungu, na chini ya alama Hezroni aliandika habari zake: mpunga umechanua, wanafunzi wamechoka naye, yeye hajachoka na mtu fulani.

Julai ya mwaka uliofuata, ng’ombe wa posa walifika kwa kina Neli, wakiletwa na ndugu za Ambilikile, baba yake Hezroni. Tangu siku hiyo Neli alishika mwiko wa mkwe. Akimwona Ambilikile, lazima ajifiche; mzee naye lazima ageuze uso. Hata jina lake hakulitaja tena.

Agosti vita vikaanza. Waingereza waliokuwa ng’ambo ya ziwa wakawa adui, na bwana wa kituo, Mjerumani, akaamuru mizigo yote ipekuliwe.

Wiki tatu baadaye Hezroni alifika Lyulilo pamoja na baba yake kupanga siku ya ndoa. Alipitia kwanza kwa Angetile, shangazi yake Neli, akapewa chungu alichowekewa. Hakufika mbali. Askari wawili walimsimamisha, wakaingiza mkono ndani ya chungu na kutoa karatasi: K, W, G, kumi na tano. B, D, G, kumi na tatu. Kando ya kila mstari palikuwa na neno la Kiingereza.

Neli alikuwa anakuja na kapu la udongo kichwani. Alimwona Hezroni akifungwa kamba. Kisha akamwona mzee aliyesimama kando yake. Akalitua kapu na kukimbilia nyuma ya nyumba.

“Umemwona yule?” askari alimwuliza mwenzake. “Mwenyewe kakimbia.”

Jioni Angetile alirudi kutoka kituoni. Hakukaa.

“Bwana wa kituo anasema herufi zile ni majina ya bandari, na hesabu ni ya mashua za vita. Kesho asubuhi anampeleka bomani. Majasusi wananyongwa, mwanangu.”

“Hezroni amejibu nini?”

“Amesema karatasi aliikuta ndani ya chungu.”

“Na mimi je?”

Angetile alitazama chini. “Amesema hakujui.”

Neli aliendelea kukanda udongo. Huenda Hezroni alimkana ili kamba isiwe ya watu wawili. Huenda pia aliogopa, akamwachia mzigo wote mfinyanzi. Kila mtu Lyulilo alijua chungu kile ni kazi ya mikono ya nani. Maelezo yote mawili yalilingana na aliyoambiwa, na moyo wake haukumsaidia kuchagua. Lililokuwa hakika ni moja: watu wawili tu walijua karatasi ile ni mchezo, na mmoja wao hakuaminiwa tena.

Kulipopambazuka alinawa udongo mikononi, akavaa kitambaa cheupe cha kanisani na kwenda kituoni. Kabla hajafika mlangoni alisikia sauti ya Ambilikile ikimwombea mwanawe. Akasimama nje ya ukuta wa matete.

“Karatasi ni yangu,” alisema kwa sauti ya kusikika. “Ni mchezo wa kutafuta neno refu lenye herufi tatu. Nipimeni.”

“Ingia,” alisema bwana wa kituo kwa Kiswahili chake kikavu.

Neli hakusogea.

“Jana alikimbia, leo haingii. Ana hatia.”

“Haingii kwa sababu baba yangu yumo humu,” alisema Hezroni. “Hata jana hakukimbia askari. Ni mwiko wa mkwe.”

“Mkwe? Ulisema humjui.”

Nje, Neli alishika tete moja la ukuta.

“Nilisema uongo, bwana. Nilitaka umwache. Ni mchumba wangu.”

“Aingie, au safari ianze.”

Mzee akitoka, mwanawe angebaki bila wa kumsemea. Neli alisikia kigoda kikiburuzwa. Ambilikile alikuwa amekigeuzia ukutani na kujifunika shuka kichwani.

“Aingie,” mzee aliuambia ukuta.

Neli akaingia, akampa mzee mgongo. Shavu la Hezroni lilikuwa limevimba. Bwana wa kituo, aliyewahi kufanya kazi katika meli ya Waingereza, aliwapa kila mmoja kipande cha karatasi.

“P, k na g. Mnaandika bila kusema. Nahesabu mpaka mia.”

Alihesabu polepole. Sitini ilipita, kipande cha Neli bado kitupu. Sabini na nane ndipo alipoandika. Hezroni, mikono imefungwa pamoja, aliandika kwenye tisini.

Mjerumani alisoma, akahesabu kwa ncha ya kalamu. “Shopkeeping, kumi na moja. Housekeeping, kumi na mbili.”

“Ameshinda,” alisema Hezroni. “Kila mara anashinda.”

Bwana wa kituo alimtazama mtu huyu aliyekuwa anajali alama huku shingo yake iko hatarini. Akaichana karatasi ya jana.

“Mfungueni. Nikiona tena neno la Kiingereza kabla vita havijaisha, sitauliza ni mchezo gani.”

Neli alitoka kwanza, kama ilivyompasa. Hezroni alimfuata mpaka mlangoni.

“Ulinikana,” Neli alisema kwa sauti ya chini.

“Ndiyo.”

“Siku nyingine tukifungwa, tufungwe wote. Usiniache nyumbani nikifanya hesabu.”

“Ndaga, mama, asante. Nimesikia.”

Ndani, mzee alikuwa bado ameuelekea ukuta.

“Hezroni,” aliita. “Mke wako ameshaondoka?”

“Bado hatujafunga ndoa, baba.”

“Sikuuliza hilo. Mke wako ameshaondoka?”

Hezroni alimtazama Neli. Neli akafunika mdomo kwa kitambaa, akazunguka nyuma ya ukuta wa matete.

“Ameshaondoka, baba.”

Ndipo Ambilikile alipojifunua uso.