Habari za Kitani

Kule kwa Wasorbi, wakulima wa mashariki mwa Ujerumani, kengele ya adhuhuri ikilia, kila mtu hushusha mundu na kwenda nyumbani. Mvivu ndiye huisikia wa kwanza. Saa hiyo shamba ni la Bibi wa Adhuhuri, pepo mwenye mundu, na akikukuta atataka umweleze habari za kitani, mmea wa kufumia nguo, mpaka saa saba. Ukinyamaza, shingo yako ni halali yake.

Madlena alilijua hilo tangu utotoni. Lakini asubuhi ile mama mkwe wake alimuuliza mbele ya wavunaji, "Hivi wewe na konokono, nani atamaliza kwanza?" Watu wakacheka. Basi wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki amalizie kipande chake cha shayiri. Mwanawe Handrij, wa miezi minne, alikuwa amelala kwenye kivuli cha miganda, hatua thelathini tu.

Upepo ukakoma. Panzi wakanyamaza.

Ikaja harufu ya kitani kilichoozea majini...

"Nipe habari za kitani," sauti ikanong'ona nyuma yake.

Hakuthubutu kugeuka. Aliona tu pindo la gauni jeupe na ncha ya mundu.

"Hupandwa... hupandwa udongo ukishapata joto, bibi. Hakikatwi. Hung'olewa na mizizi yake."

"Ehe."

Akaeleza kinavyolowekwa, kinavyoanikwa, kinavyopondwa. Jua likasogea, kivuli kikamhama Handrij. Mtoto akaanza kulia.

"Bibi, mwanangu yuko juani..."

"Hicho si kitani."

Chuma baridi kikamgusa shingoni. Madlena akaendelea. Kuchana. Kusokota. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka, na mama yake, machozi yakimtiririka, akaeleza namna ya kufuma.

Kisha kule kwenye miganda kukawa kimya.

Kimya kabisa.

"Na kikishafumwa?"

"Hushonwa shuka, bibi. Hushonwa shati. Hushonwa..."

Kengele ikalia saa saba. Nyuma yake hapakuwa na mtu, wala bua la shayiri lililokanyagwa. Alikimbia, lakini alikuwa amechelewa.

Kasisi alisema ni jua tu lililomuua mtoto. Huenda. Ule mkwaruzo mwembamba shingoni mwa Madlena hakuna aliyeuulizia.

"Na nani alikutuma kufanya kazi adhuhuri?" mama mkwe akafoka, na hakuna mvunaji aliyeinua macho.

Jurij, mumewe, hakugomba. Alisubiri watu watoke nyumbani, akauliza polepole, "Alilia?"

Angeweza kumdanganya.

"Alilia, Jurij. Nilimsikia mpaka mwisho."