Bruno Hakumbwekea Hortense

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mabomba ya moshi ya kiwanda cha Panda wakati Bibiane alipotoka jikoni na sufuria ya chakula cha mbwa: bukari, yaani ugali, laini, vichwa vya samaki, mchuzi wa mifupa. Majirani wa kambi ya wafanyakazi walikuwa na mzaha wao. "Mama Hortense, leo minye nakulia kwa bambwa!" waliita kutoka njiani, wakitaka nao wale kwa mbwa, maana mbwa wa wakubwa walikula vizuri kuliko watu wengi wa Likasi. Zamani alicheka nao. Siku hizi alipita tu, kichwa chini.

Wakubwa wa kampuni walipokwenda likizo Ulaya, mbwa wao walibaki kwa Urbain na mkewe, Bibiane. Wengine walileta watoto wa mbwa wafundishwe ulinzi. Urbain alifundisha amri, zote kwa Kifaransa, kwa sauti ya sajini aliyekasirishwa na viatu vichafu. Harufu ilikuwa kazi ya Bibiane. Alichukua nguo iliyovaliwa na kila mtu wa nyumba, akamnusisha mbwa, akampa kipande cha nyama na kumwambia, "Wa kwetu." Jioni baada ya jioni. Ambaye nguo yake haikunuswa alikuwa mgeni, na mgeni hapiti.

Mtu wa nyumba akifa au akihama moja kwa moja, nguo yake huondolewa na mbwa hufundishwa kuikataa, kwa amri moja: "Refuse." Wasipofanya hivyo, mbwa hukaa anamngoja mpaka anakonda. Hiyo ilikuwa sheria ya uwanja wao, na Bibiane ndiye aliyewaeleza wateja.

Kisha Hortense, binti yao mkubwa, akafa.

Homa ilimchukua katikati ya mvua, akiwa na miaka tisa. Kwenye msalaba waliandika jina la kitambulisho, kwa sababu serikali ilikuwa imekataza majina ya Kikristo, lakini nyumbani alibaki Hortense. Matanga yalipokwisha, shangazi zake waligawa nguo zake kama desturi inavyotaka. Gauni moja la bluu halikuonekana. Bibiane alikuwa amelificha chini ya majani makavu katika kibanda cha Bruno, mbwa wao wenyewe, mlinzi wa geti. Nani angetafuta huko?

Kila jioni, akishamlisha Bruno, alipiga magoti, akalitoa gauni, akaliweka usoni. Kisha akamnusisha mbwa, maana alikuwa peke yake na alihitaji mwenzake wa kukumbuka naye. Na mdomo, kwa mazoea ya kazi, ulisema wenyewe:

"Wa kwetu, Bruno. Wa kwetu."

Jioni hiyo alikuwa bado amepiga magoti aliposikia kimya.

Mbwa wa wateja, ambao hupiga kelele hata kivuli kikipita, walikuwa wamejikunja nyuma ya vibanda vyao. Hakuna aliyegusa chakula. Bruno peke yake aliinuka, akakimbia mpaka getini. Mkia wake ulikuwa unacheza.

Mnyororo wa geti ukalia... taratibu... kama mtu anayeujaribu kwa kidole.

Ilikuwa kiangazi, vumbi kila mahali. Lakini upepo ulileta harufu ya udongo uliolowa.

Rosalie, mtoto wake mdogo, alikuwa amesimama getini, mkono umepita katikati ya vyuma. Alikuwa anacheka. Majuma kadhaa alikuwa hali vizuri, miguu imebaki mifupa, na muuguzi wa zahanati alipima damu asione ugonjwa wowote.

"Rosalie, unaongea na nani?"

"Na yaya," akasema, jina alilomwita dada yake Hortense.

Mungu amsamehe Bibiane. Kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa woga. Kilikuwa furaha.

"Anasema nini?" alinong'ona.

"Anasema kule iko baridi. Anataka minye nilale karibu naye. Kesho anakuya kunibeba."

Furaha ikamfia kifuani. Alimvuta mtoto. Mkono ule mdogo ulikuwa baridi mpaka kwenye kiwiko, na ndani ya kiganja kulikuwa na udongo mweusi.

Urbain alimsikiliza mkewe bila kumkatiza. Alitoka nje, akamtazama Bruno, ambaye bado alikuwa analamba vyuma vya geti. Aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nguo ya mutoto, uko nayo?"

Bibiane alinyoosha kidole kuelekea kibanda cha Bruno. Alianza kulia.

"Ulimunusisha?"

"Kila jioni."

"Bibi yangu... njo weye ulimufungulia."

Alisema bila hasira kwamba ni yeye aliyemfungulia Hortense njia, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alikaa karibu naye, akamshika bega. Mbwa huacha somo kwa sauti ya aliyemfundisha, si kwa sauti ya mwingine. Wote wawili walijua hilo, ndiyo kazi iliyowalisha. Urbain angeweza kupiga kelele mpaka koo likauke, Bruno asingeelewa.

"Minye nitafukuza namna gani mutoto wangu?" Bibiane aliuliza.

"Kama haumufukuze, anatuachia nani?"

Kesho yake, jua lilipoanza kushuka, Urbain alijifungia chumbani na Rosalie mapajani. Bibiane alilitundika gauni la bluu kwenye geti, akashika kamba ya Bruno, akasimama. Mfukoni mwa kitenge alikuwa na nyama.

King'ora cha kiwanda kililia, kikanyamaza. Mbwa wa wateja wakarudi nyuma ya vibanda.

Harufu ya udongo.

Gauni likajaa, kama mtu ameliingia.

"Mama..."

Ilikuwa sauti yake, ile ya asubuhi, yenye usingizi ndani.

"Mama, fungulia minye. Nasikia baridi."

"Refuse, Bruno," Bibiane alisema. Bruno akatikisa mkia, akamlamba mkono. Mbwa husikia mwili wa aliyeshika kamba, na mwili wa Bibiane ulikuwa unasema karibu, mwanangu, ingia.

Ndani ya nyumba mlango ukapigwa.

"Yaya! Nakuya!" Rosalie alipiga kelele, na Urbain akawa anamwita Mungu.

Vidole vidogo vilishika chuma cha geti. Kimoja kilikuwa na ukucha mweusi, ule uliobanwa na mlango wa kibanda wiki chache kabla ya homa. Bibiane aliuona. Alitaka kuubusu. Aliumeza moyo wake wote, akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti aliyowawekea wezi:

"Sikujue weye! Hauko wa hapa. Rudia kule umetoka. Refuse, Bruno! Refuse!"

Vidole vikakishika chuma kwa nguvu zaidi.

"Mama... njo minye, Hortense..."

Bruno alibweka.

Aliruka na meno yote nje, kamba ikamkata Bibiane viganja. Nje ya geti kukasikika kilio cha mtoto aliyeogopa, kisha miguu mitupu ikakimbia kwenye kokoto, ikielekea njia ya makaburi. Alilia akikimbia, kwa kwikwi, kama alivyolia siku zote akichapwa bila kosa.

Mbwa akifanya vizuri lazima asifiwe na apewe chake papo hapo, la sivyo somo linapotea. Bibiane alitoa nyama.

"Bien, Bruno," alisema. "Bien." Kisha akakaa chini kwenye vumbi.

Usiku huo Rosalie aliomba bukari. Alikula, akaomba tena. Gauni walilichoma nyuma ya nyumba.

"Haikukuwa yeye," Urbain alimwambia mkewe. "Bachawi banatuma kitu, kinavaa harufu ya mutoto, kinabeba mwingine. Usilie." Huenda alisema kweli. Bibiane hakumweleza habari ya ukucha, kwa nini waumie wawili?

Rosalie alinenepa, akaanza shule, akawa anamsaidia mama yake kubeba bakuli. Lakini jioni nyingine harufu ile hurudi, kwa mbali, kutoka kwenye kona ya barabara. Haikaribii geti. Inasimama tu huko, na mtu analia polepole. Bruno huenda getini akabweka, na Bibiane humpa nyama. Afanyeje? Ana mtoto ndani.

Jioni moja Rosalie alisimama na bakuli mkononi, akasikiliza.

"Mama, Bruno anabwekea nani?"

Bibiane alimtazama mtoto aliyebaki, mashavu yake yaliyojaa.

"Mugeni," akajibu.

Kule kwenye kona, aliyekuwa analia akanyamaza. Alikuwa amesikia.