Usiifunge Laptopu

Risasi ilipasua kioo cha nyuma.

"Laptopu!" Mutinta Hamoonga alifoka, Land Cruiser ikiyumba. "Usiifunge!"

"Nimeikumbatia, bosi!" Siamwiza, msaidizi wake, alikuwa amejikunja juu ya mashine kama kuku anayeatamia.

Mji wa Kafue ulibaki kilometa chache.

Mutinta alikuwa jasusi wa idara moja ya Lusaka isiyo na kibao mlangoni. Asubuhi hiyo alivamia ofisi ya wakala wa forodha, mpakani Chirundu. Mfanyabiashara Vosloo aliruka dirishani. Kwenye skrini ya laptopu aliacha fomu aliyoijaza na kuisaini humohumo: lori moja la dawa za malaria, mali yake.

Dawa bandia. Za kwenda zahanati.

Lori lilikuwa limeshikwa Kafue, na wakili wa Vosloo alikuwa mahakamani hukohuko akiapa kwamba mteja wake halijui. Hakimu alitaka fomu yenyewe kabla ya saa kumi. Isipofika, lori linaachiwa. Picha ya simu? Wakili angesema imechezewa.

Programu ya fomu ile iliruhusu kujaza. Iliruhusu kusaini. Iliruhusu kuchapa.

Kuhifadhi, hapana.

Kila Mutinta alipobonyeza, ujumbe uleule: Lipia leseni kwanza. Na Chirundu umeme ulikuwa umekatika, printa zote zimelala.

Alimpigia Simasiku, makao makuu.

"Nilipie leseni. Sasa hivi."

"Madam, malipo ya dola yanataka saini tatu. Mkurugenzi yuko Livingstone, semina."

"Yaani mtu ajaze mwenyewe, halafu alipie kuweka alichojaza?"

"Hata sisi huku tunalia, madam."

Ikizimika, fomu imepotea. Ndiyo maana sasa laptopu ilikuwa wazi, ikinyonya umeme wa gari kupitia chaja na inveta, kile kisanduku cha kubadili umeme.

Risasi ya pili ikaifumua inveta, pamoja na chaja.

"Betri asilimia tisa!" Siamwiza alilia. "Hii betri ni kizee, bosi!"

"Punguza mwanga wa skrini. Na uiname."

Kwenye kioo cha pembeni, Ford Ranger nyeupe ilikuwa ikikaribia.

Mutinta alikanyaga breki.

Ranger ikapita kwa kishindo, dereva akiwa ameduwaa. Bastola ya Mutinta, Glock, ikatoka dirishani. Mara mbili tu. Tairi la nyuma likapasuka, gari likaserereka na kuzama mtaroni.

"Asilimia sita!"

Mutinta alishika redio. "Trafiki Kafue, kuna Ranger mtaroni. Wana silaha. Wachukueni."

"Tumekupata."

Mahakamani aliingia mbiombio, laptopu mikononi, ikiwa wazi kama sinia la chakula. Karani akachomeka waya wa printa.

"Mheshimiwa, tazama saini hapa kabla haijazimika," Mutinta alisema.

Hakimu alivaa miwani, akainama, akasoma jina la Vosloo kwenye skrini.

Asilimia moja.

Printa ilikohoa. Ikanyamaza. Siamwiza alifumba macho. Kisha karatasi ikaanza kutoka, pole pole, mpaka saini ikaonekana yote.

Skrini ikawa nyeusi.

Hakimu aliichukua karatasi, bado ina joto, akasaini kandoni kwamba ameishuhudia. "Lori halitoki. Na huyo Vosloo akamatwe."

"Yuko mtaroni ndani ya Ranger yake, mheshimiwa," Mutinta alisema. "Trafiki walimpigia Siamwiza tulipofika mlangoni."

Wakili aliruka. "Napinga! Nataka kuona ile ya kwenye kompyuta!"

Mutinta alivuta miwani ya jua kutoka mfukoni.

"Lipia leseni kwanza," alisema, akatoka nje.